Kituo cha zamani cha zimamoto katika mji mdogo wa Australia: namna ya kukisoma, kukirekodi na kukitengeneza bila kukiharibu

Miji mingi midogo ya New South Wales na Victoria ina jengo la matofali karibu na barabara kuu, lenye mlango mpana kuliko wa duka lolote na mnara mwembamba nyuma yake. Hicho ni kituo cha zamani cha zimamoto. Magari yamekuwa makubwa, vituo vipya vimejengwa penye nafasi, na majengo ya zamani yameuzwa, yamekodishwa au yamebaki mikononi mwa halmashauri. Yanafaa kwa ukumbi wa jamii, darasa, karakana au nyumba ya ibada. Mjini Bendigo, kituo cha zamani cha View Street kimekuwa ukumbi wa sanaa. Familia nyingi za Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili zimehamia miji kama Shepparton, Mildura, Wagga Wagga na Albury-Wodonga, na chama kinachotafuta ukumbi huko kinaweza siku moja kukabidhiwa funguo za jengo la namna hii. Mwongozo huu ni wa chama kama hicho, na wa yeyote aliyepewa dhamana ya kulitunza.

Kabla ya yote, elewa jambo moja. Kituo cha zimamoto kilipangwa kufuata mwendo wa kazi: kengele inalia, watu wanafika, gari linatoka, gari linarudi, mipira inaoshwa, mipira inaanikwa. Kila chumba kiko pale kilipo kwa sababu ya mwendo huo. Ukuta wa mbele uliopakwa rangi mbaya unaweza kurekebishwa mwaka wowote, lakini roda ya mnara, bomba la kengele au safu ya ndoano za makoti ikishatupwa kwenye skipu ya takataka haitarudi. Hasara kubwa katika majengo haya hutokea wiki ya kwanza ya usafi, kabla fundi yeyote hajafika. Kwa hiyo usafi usianze mpaka jengo lirekodiwe.

Jua linalindwa na sheria gani

New South Wales kuna orodha tatu za kutazama. Ya kwanza ni jedwali la 5 la mpango wa mazingira wa halmashauri, linaloorodhesha majengo ya urithi ya eneo. Ya pili ni Rejesta ya Urithi ya Jimbo, iliyo chini ya Sheria ya Urithi ya 1977. Ya tatu ni rejesta ambazo kifungu cha 170 cha sheria hiyohiyo kinazitaka taasisi za serikali zitunze kwa majengo yao. Ikiwa kituo bado ni mali ya idara ya zimamoto, hii ya tatu ndiyo ya kuulizia kwanza. Victoria kuna Rejesta ya Urithi ya Victoria, chini ya sheria ya 2017, na ukanda wa urithi katika mpango wa ujenzi wa kila halmashauri.

Tofauti ya majimbo haya mawili huwanasa watu. Victoria, ukanda wa urithi kwa kawaida haugusi ndani ya jengo isipokuwa jedwali limeandika hivyo waziwazi. New South Wales, jengo lililoorodheshwa linahitaji kibali hata kwa mabadiliko ya kimuundo ya ndani. Matengenezo madogo yanaweza kuondolewa sharti la kibali kamili, lakini lazima halmashauri ikubali kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Usitegemee neno la mdomo. Halmashauri nyingi za mashambani zina mshauri wa urithi anayekuja siku maalumu. Omba akutane nawe kwenye jengo lenyewe, si ofisini, na uwe na picha na swali moja moja lililoandikwa.

Mshauri huyo atazungumza kwa lugha ya Mkataba wa Burra, yaani kanuni za Australia za kutunza mahali pa urithi, uliopitishwa mwaka 1979 katika mji wa Burra, Australia Kusini, na kurekebishwa mara ya mwisho mwaka 2013. Kanuni yake kuu ni kubadilisha kadiri inavyolazimu na kwa uchache kadiri inavyowezekana. Mkataba unatenganisha kurejesha na kujenga upya: kurejesha ni kuondoa vilivyoongezwa au kupachika tena vipande vilivyopo, bila kuingiza vifaa vipya, kujenga upya huleta vifaa vipya, na hukubaliwa pale tu penye ushahidi wa kutosha. Ukitumia maneno hayo sawasawa kwenye maombi yako, umeokoa wiki kadhaa za barua.

Historia: tafuta tangazo la zabuni

Tarehe chache zitakuambia nyaraka ziko wapi. New South Wales ilitunga sheria ya vikosi vya zimamoto mwaka 1884, lakini kikosi cha serikali kilichoundwa wakati huo kilikuwa cha Sydney. Sheria ya 1909 ndiyo iliyoweka Bodi ya Makamishna wa Zimamoto ya jimbo zima, iliyoanza kazi Januari 1910. Kituo cha mji wa mashambani kilichojengwa kabla ya hapo kitafutwe katika kumbukumbu za halmashauri na za vikosi vya kujitolea. Cha baada ya hapo, katika ripoti za mwaka za Bodi. Victoria, sheria ya 1890 iliunda Bodi ya Vikosi vya Zimamoto vya Mashambani. Moto wa tarehe 13 Januari 1939, katika msimu ulioua watu 71 jimboni humo, ulileta uchunguzi uliozaa sheria ya 1944 na mamlaka inayoitwa hadi leo Country Fire Authority, iliyoanza kazi 1945.

Gharama za vikosi ziligawanywa kati ya serikali, halmashauri na kampuni za bima. Mgawanyo huo ni msaada mkubwa kwa mtafiti, kwa sababu madiwani walibishana kuhusu mchango wao na magazeti ya mji yakaandika ubishi wote. Magazeti hayo yako Trove, hazina ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Australia, bure, mengi yakifika mwaka 1954.

Utafutaji lazima ufanyike kwa Kiingereza. Ukiandika fire station na jina la mji utapata maelfu ya habari za moto wenyewe. Badala yake, chagua gazeti la mji huo peke yake, kisha tafuta fire station pamoja na tenders. Tangazo la zabuni hutaja msanifu na tarehe. Wiki chache baadaye utafute contract au accepted, upate jina la mjenzi na bei. Halafu opening, ambapo mwandishi wa gazeti mara nyingi alitembezwa chumba kwa chumba na kukitaja kila kimoja. Maandishi yalisomwa na mashine na yana makosa, kwa hiyo neno likikosekana jaribu brigade, engine house au hose tower. Rudia kwa maneno alterations na additions miaka 20 baadaye. Ndipo magari ya injini yalipochukua nafasi ya mikokoteni na milango ikapanuliwa.

Soma jengo lenyewe

Anza na mlango mkubwa. Katika miji mingi midogo kikosi cha kwanza kilikuwa na mkokoteni wa mpira wa kuvutwa na watu, au pampu ya kuvutwa na farasi wa mchukuzi wa mjini au wa halmashauri. Mlango wa wakati huo ulikuwa mwembamba. Magari ya baadaye yana upana wa karibu mita 2.5 bila vioo vya pembeni, kwa hiyo mlango ulipanuliwa. Dalili zake: boriti ya chuma au ya zege mahali ambapo madirisha ya jirani yana tao la matofali, mstari wa wima ambao matofali ya upande mmoja hayakufungamana na ya upande wa pili, matofali yaliyokatwa vichwa, chokaa ya rangi tofauti. Mpanuko huo nao ni historia. Usiombe kuuziba ili jengo "lirudi asili".

Chunguza pembe za chini za mlango, kama kuna mawe au vyuma vya kukinga ukuta usigongwe na magurudumu. Mwagia sakafu maji kidogo uone yanakokwenda: sakafu ya ukumbi wa magari ilipewa mteremko kuelekea mlangoni au kwenye mfereji, na mteremko huo utakusumbua siku ya kupanga viti. Chumba kidogo kando ya ukumbi, chenye kidirisha cha kutazama ndani na kingine cha kutazama barabara, ni chumba cha lindo. Humo ndimo ilimokuwa simu na ubao wa kengele. Hata vyombo vikiwa vimeondoka, utaona matundu ya skrubu, alama za mraba ambapo rangi haikufika, na nyaya za zamani zilizovikwa kitambaa. Fuata nyaya hizo kwa macho. Mara nyingi zinakwenda kwenye nyumba ya ofisa iliyoshikamana na kituo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeamshwa kwanza.

Nguzo ya shaba ya kuteremkia hutajwa na kila mtu, lakini vituo vingi vya miji midogo ni vya ghorofa moja na havikuwa nayo. Usiitafute kwa kubomoa dari. Kama kuna ghorofa, angalia mbao za sakafu ya juu: kiraka cha duara au cha mraba chenye mbao fupi kitajisema.

Ukuta wa mbele hutazamwa jioni, jua likiwa limeinama, au usiku kwa tochi iliyolazwa karibu na ukuta. Herufi za zamani zilizopakwa rangi huonekana kama mwinuko mwembamba chini ya rangi mpya. Zipige picha na kuziacha. Maneno ya kituo yabaki juu ya mlango hata jengo likiwa ukumbi wa chama. Jina la chama liwekwe kwenye kibao chake, kwa skrubu zinazoingia kwenye chokaa ya viungo, si katikati ya tofali.

Kurekodi kabla ya kugusa

Watu wawili wanaweza kurekodi kituo kidogo kwa siku mbili. Mnahitaji kipimo cha leza, utepe wa mita 8, fimbo ya mita 2 iliyopakwa rangi nyeupe na nyeusi kila sentimita 20, kamera yenye mguu wa kusimamia, na karatasi za miraba.

Kipe kila chumba namba na kila ukuta herufi, ukianzia wa kaskazini na kuzunguka kwa mwelekeo wa saa. Ukuta wa kaskazini wa chumba cha 3 uwe 3A, na jina hilo litumike kwenye michoro, picha na orodha ya vitu bila kubadilika. Piga kila ukuta kutoka mbele kabisa, fimbo ikiwa imesimama dhidi yake, kisha dari, kisha sakafu. Baada ya hapo vitu vidogo kimoja kimoja: bawaba, komeo, ndoano, swichi, kibao cha mbao chenye majina, kigingi chenye namba. Chora mpango wa sakafu kwa kipimo cha 1:50 na mlango mkubwa kwa 1:20. Pima mishazari ya kila chumba, maana vyumba vya zamani havina pembe kamili na mchoro bila mishazari hautafunga.

Kisha panga kila sehemu katika daraja tano zinazotumika New South Wales: umuhimu wa pekee, mkubwa, wa kati, mdogo, na kile kinacholiharibu jengo. Kigezo chako kiwe ule mwendo wa kazi. Ndoano ya makoti yenye namba iliyopakwa kwa mkono ina daraja kubwa kuliko jiko la kabati za plastiki la miaka ya 1980, ingawa jiko ndilo lenye bei. Ukishapata daraja, andika tamko la umuhimu: aya mbili au tatu zinazosema jengo ni nini, lina thamani gani na kwa nini. Vigezo vya jimbo ni saba: historia, uhusiano na watu, usanifu na ufundi, thamani kwa jamii, uwezo wa kufundisha kwa utafiti, uadimu, na uwakilishi. Hakuna jengo linalotimiza yote. Kituo cha kawaida kilicho kizima hubebwa na historia, jamii na uwakilishi, na kudai uadimu usiokuwepo hudhoofisha tamko lote.

Mnara

Mnara ndio sehemu inayoeleweka vibaya kuliko zote. Wengi huudhani ni wa kutazamia moshi. Minara michache ya karne ya 19 ilifanya kazi hiyo kweli, kama ule wa matofali wa Ballarat East, na mingi ilibeba kengele. Lakini kazi ya kila wiki ilikuwa kuanika mipira. Mpira wa turubai ya kitani ukikunjwa ukiwa na maji huota ukungu, nyuzi zinaoza, na siku ya moto unapasuka kwa shinikizo la pampu. Mpira wa futi 100, yaani kama mita 30, ukitundikwa kwa katikati unahitaji kimo cha mita 15. Mnara mfupi zaidi ya hapo ulikuwa na vigingi vya kupitishia mikunjo kadhaa. Nyuzi za sintetiki zisizooza zilipoingia, haja hiyo ilikwisha, na minara mingi ikaachwa bila rangi.

Usipande ngazi ya mnara, hata ikionekana imara. Kodi jukwaa la kuinuka na mwendeshaji wake kwa nusu siku, na uandike mapema unachokwenda kutazama: roda na ekseli yake, boriti ya kutundikia, boliti za kengele, vibao vya kupitishia hewa, na mabati ya kofia ya juu.

Mnara wa mbao hufia chini. Sehemu ya hatari ni karibu sentimita 30 juu na chini ya usawa wa ardhi, ambapo unyevu na hewa vinakutana. Gonga nguzo kwa nyundo ukisikiliza mlio mtupu, kisha sukuma bisibisi nyembamba. Ikizama zaidi ya milimita 10 bila nguvu, mbao imeoza. Ukikuta vijia vya udongo vya mchwa, usivivunje. Mchwa wakishtuliwa huhama, na mtaalamu wa mchwa atakosa njia ya kufikisha dawa kwenye kichuguu. Nguzo iliyooza chini haihitaji kubadilishwa yote: baada ya mhandisi kuamua namna ya kuushikilia mnara, hukatwa mpaka kwenye mbao nzima, ikaungwa kipande kipya cha mbao ngumu kwa kiungo cha mshazari chenye urefu wa angalau mara tatu ya upana wa nguzo, kwa boliti zilizopakwa zinki, na mguu ukakalishwa kwenye kiatu cha chuma kilichoinuliwa milimita 75 juu ya zege. Kosa linalorudiwa ni kuzungushia mguu zege. Zege hushika maji kama kikombe, na nguzo inaoza upya ndani ya miaka michache mahali pasipoonekana.

Mnara wa vyuma huliwa kwenye viungo, pale bamba mbili zinapokutana na maji kukaa kati. Kutu inayofura hutanua kiungo. Ukiona boliti zimeinama au vichwa vimeruka, usipake rangi juu, ita mhandisi.

Njiwa nao wanataka tahadhari. Kinyesi kikavu kikifagiliwa hupeperusha vumbi la magonjwa ya mapafu. Lowesha kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, vaa barakoa ya P2, ile inayochuja vumbi laini, na glavu, kusanya kwa koleo ndani ya mifuko miwili. Kabla ya kuziba kwa wavu wa milimita 25, hakikisha hakuna popo ndani, maana wanalindwa na sheria za wanyamapori. Kengele isisuguliwe ing'ae; utando wa kijani kibichi au kahawia ndio unaoikinga. Na isigongwe kwa nyundo, hata siku ya sherehe. Kengele iliyopasuka kwa kugongwa vibaya haiungiki kirahisi.

Kuta na unyevu

Angalia mpangilio wa matofali. Ukiona marefu matupu safu zote, ukuta pengine ni wa tabaka mbili zenye uwazi katikati. Ukiona vichwa vya matofali vikipishana na marefu, ukuta ni mzito wa milimita 230 hivi, na maji hupita ndani yake yote. Vituo vina tatizo lao la pekee: ukumbi ulioshwa kwa maji mengi kwa miongo mingi, barabara ya nje imeinuliwa kwa tabaka za lami mpaka kufunika matundu ya hewa chini ya sakafu, na zege jipya limemwagwa ndani juu ya sakafu ya zamani. Maji ya ardhini yakikosa kutokea sakafuni hupanda ukutani, yakibeba chumvi.

Fuata mpangilio huu na usiruke hatua. Rekebisha mifereji ya paa na mabomba yake kwanza. Shusha udongo au lami ya nje mpaka iwe angalau milimita 150 chini ya tabaka la kuzuia unyevu, ambalo katika majengo haya ni sleti au lami iliyochanganywa na mchanga. Fungua matundu ya hewa. Bandua plasta ya saruji iliyopigwa chini ya ukuta. Kisha subiri. Mafundi huhesabu takriban mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo ukuta wa milimita 230 huchukua karibu miezi tisa. Anayekuuzia sindano za kemikali za kuzuia unyevu ukutani kabla ya hatua hizi anauza dawa bila kupima ugonjwa. Chumvi inayotoka wakati wa kukauka ifagiliwe kavu na kuvutwa kwa mashine ya vumbi, isioshwe, maana maji huirudisha ndani.

Viungo vilivyoliwa hujazwa kwa chokaa, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3 kwa ujazo. Mchanga uwe mkali, uliooshwa, wenye chembe kubwa na ndogo. Kwa matofali laini tumia chokaa iliyoivishwa kwa maji. Penye kunyeshewa sana, chokaa ya kihaidroliki asilia ya daraja la NHL 3.5. Kwangua kiungo mpaka kina cha mara mbili ya upana wake, kisipungue milimita 20, kwa tindo nyembamba na nyundo. Grenda hukata kingo za matofali, na kovu lake litaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Lowesha, jaza kwa tabaka, kandamiza, kisha funika kwa magunia mabichi kwa siku 3 hadi 7. Usifanye kazi hii siku yenye joto la kupita nyuzi 30 wala usiku ukiwa na jalidi, na miji ya milimani ya majimbo haya ina yote mawili ndani ya mwaka mmoja.

Saruji inakatazwa kwa sababu ya kimaumbile: ni ngumu na haipitishi unyevu kama tofali. Maji na chumvi hukosa njia kwenye kiungo, hutokea usoni mwa tofali, chumvi hugeuka fuwele ndani ya vinyweleo, na uso wa tofali unamenyeka. Ukiona viungo vimesimama mbele na matofali yamerudi nyuma, hiyo ndiyo hadithi yake. Kupuliza mchanga kuondoa rangi huleta maafa yaleyale kwa haraka zaidi, kwa kuvua ngozi ngumu iliyotokana na tanuri.

Paa kwa ufupi. Kama bati za zamani ni za zinki tupu na zinatosha, badilisha zilizooza tu, kwa bati za zinki. Bati mpya za mchanganyiko wa alumini na zinki zisigusane na risasi iliyofunika viungo vya paa, na maji yake yasimwagikie mfereji wa zinki usiopakwa rangi. Mfereji utatoboka mapema.

Milango na rangi

Mlango unaoburura chini hausukumwi tu juu kwa kabari. Pima mishazari miwili ya ubao wa mlango. Ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 10, viungo vimelegea; uvue, ulaze juu ya meza tambarare, uunyooshe, kisha kaza ndimi kwa kabari mpya na gundi. Mhimili wa mshazari wa mbao lazima upande kutoka chini upande wa bawaba kwenda juu upande wa komeo, ndipo uzito uusukume kuelekea bawaba. Ukiwekwa kinyume, mlango utalala tena. Mbao ya chini iliyooza kwa matone ya mvua ikatwe na kuungwa kipande, na bawaba ndefu za chuma zirudishwe palepale.

Usidhani milango ilikuwa myekundu. Chagua mahali palipokingwa na jua, sugua duara dogo kwa msasa wa maji namba 400 mpaka mbao ionekane, na utaona tabaka kama pete. Pete yenye mstari wa uchafu juu yake ndiyo iliyokuwa rangi ya nje. Isiyo na uchafu ni ya kutayarishia. Acha kipande cha sentimita 30 kwa 30 chenye tabaka zote bila kuguswa, nyuma ya mlango.

Sugua kwa maji sikuzote. Rangi za Australia za kabla ya 1970 zinaweza kuwa na risasi nyingi, hata nusu ya uzito, na kikomo cha 0.1% kiliwekwa 1997. Msasa mkavu na moto wa gesi hutoa sumu inayoharibu ubongo wa watoto, na ukumbi wa chama ni mahali pa watoto. Tandika plastiki nzito, vaa P2, na watoto wasifike mpaka pameoshwa.

Hatari nyingine tatu

Asbestosi ilipigwa marufuku kabisa mwishoni mwa 2003, lakini mabamba yake yalitumika sana mpaka miaka ya 1980: chini ya paa, kuta za choo, nyuma ya ubao wa umeme, hata ndani ya vigae vya sakafu. Kipande kipimwe maabara kabla ya drili yoyote. Mabamba magumu yakizidi mita 10 za mraba yanataka mwondoaji mwenye leseni, na asbestosi inayosagika kwa vidole inataka leseni hata ikiwa gramu chache.

Ya pili ni povu la kuzimia mafuta. Mapovu ya miongo ya nyuma yalikuwa na kemikali za PFAS, ambazo hazivunjiki udongoni. Kama mazoezi yalifanyika uani, omba ripoti ya udongo kabla ya kutia saini mkataba, na usilime mboga wala kufuga kuku hapo bila ripoti hiyo. Ya tatu ni tangi la petroli chini ya ua. Bomba jembamba lililosimama ukutani bila kazi inayoeleweka mara nyingi ni pumulio la tangi. Mkataba useme nani atalipia kuliondoa.

Matumizi mapya

Ukumbi wa magari ubaki chumba kimoja. Vyoo na jiko viwe kwenye vyumba vya nyuma, au kwenye nyongeza ndogo isiyoonekana barabarani. Ukuta wa vioo uwekwe ndani, nyuma ya milango mikubwa, ili milango ifunguliwe wakati wa shughuli na kufungwa usiku. Jengo la mikusanyiko lina daraja la 9b katika kanuni za ujenzi za taifa, na kubadili matumizi huleta masharti ya moto na ya kutokea: mlango wa dharura lazima ufunguke kwa mkono mmoja kwa tendo moja, jambo ambalo makomeo ya zamani hayawezi. Usiyang'oe. Weka mlango wa dharura wa kawaida ubavuni, na milango mikubwa ishikiliwe wazi kwa ndoano muda wote watu wakiwa ndani.

Kituo kina faida moja ambayo kanisa na ukumbi wa zamani hazina: sakafu yake iko karibu na usawa wa barabara. Kiti cha magurudumu huingia bila ngazi. Penye tofauti, mteremko usiwe mkali kuliko 1:14, na mlango uwe na uwazi wa milimita 850. Mwangwi utawasumbua siku ya kwanza ya kwaya. Tundika paneli za kitambaa kwenye boriti, usifunike kuta. Dari za bati la chapa zibaki zilivyo, sufi ya kukinga joto iwekwe juu yake.

Vitu na watu

Kofia za shaba, midomo ya mipira, vitabu vya matukio. Shaba isisuguliwe kila mwezi, kila msuguo huondoa shaba yenyewe na maandishi yaliyochorwa. Mipira ya turubai ihifadhiwe ikiwa imeviringishwa kwa ulegevu, si kukunjwa. Namba ya kitu iandikwe juu ya tone la varnishi ya Paraloid B-72, isiandikwe juu ya kitu chenyewe. Kitabu cha matukio kipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla hakijatiwa kabatini.

Tafuta waliofanya kazi humo na wajane wao. Wengi walikuwa waokaji mikate, mafundi magari, wauza duka, waliolipwa kidogo kwa kila mwito. Usiwaombe wakusimulie historia ya kituo, waombe watembee. Waanzie mlangoni wakuonyeshe walifanya nini kengele ilipolia: koti lilikuwa wapi, nani alishika usukani, nani alibaki kwenye simu, mipira iliyoloa ilipitishwa mlango gani. Rekodi sauti ukiwa na mpango wa sakafu mkononi, na uandike namba ya chumba kila wanaposimama. Mke wa ofisa mara nyingi ndiye aliyepokea simu usiku, na jina lake halimo kwenye ubao wowote ukutani. Muulize yeye au watoto wake.

Nakala za michoro, picha na sauti zipelekwe maktaba ya mji na halmashauri, na kwa New South Wales waandikie pia Museum of Fire iliyoko Penrith. Bandika nakala ya mpango wenye namba za vyumba ndani ya kabati la ubao wa umeme, ambako kila fundi atafika, pamoja na ratiba: mifereji ya paa kila majira ya masika na vuli, ukaguzi wa mchwa kila miezi 12, boliti za mnara kila baada ya miaka mitano na baada ya kila dhoruba kubwa.